Barua kwa Askari wa Banda la Zege

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba nyuma ya nyumba yetu ya Queensbury, ukingoni mwa London, ndani ya banda la zege lililoota nyasi juu ya paa, walikuwamo askari mia tatu wa Kiingereza ambao hakuna mtu aliyekumbuka kuwaambia kwamba vita vimekwisha.

Usicheke kwanza. Nilikuwa mtoto mwenye akili zangu. Jedwali la kuzidisha nililijua mpaka kumi na mbili, na niliweza kutaja vituo vyote vya treni mpaka mjini bila kuvuta pumzi. Lakini habari hiyo niliimeza nzima, na mpaka leo hunirudia kila ninaponusa zege lililoloa. Pale ghalani Hayes ninapofanya kazi upo ukuta mmoja ambao mvua ikiupiga hutoa harufu ya majani yaliyooza na sufuria iliyosahauliwa uani. Wenzangu hupita na matoroli yao, hawana habari. Mimi husimama, na miguu huanza kunicheza kama ya mtu aliyeambiwa asubiri kidogo miaka arobaini iliyopita.

Aliyenilisha habari hiyo alikuwa Twaha, mtoto wa mama yangu mkubwa. Alikuja kutoka Tanga akiwa na miaka kumi na minne kuishi nasi, na kabla hajamaliza mwezi alikuwa tayari anatueleza sisi tuliozaliwa hapa mambo ya hapa. Siku moja tulikuwa dirishani, chumba cha nyuma cha juu, tukitazama vile viwanja vya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, ambavyo watu wa mtaa hukodi wakalima mboga zao. Kule mwisho, penye miiba, palikuwa na lile banda: nene, fupi, na matundu membamba kama macho ya mtu aliyeudhika.

"Dogo, unaliona lile?" Twaha akanong'ona. "Wamo mle."

"Kina nani?"

"Askari. Brigedi nzima. Walipewa amri wasitoke mpaka waje kuambiwa. Aliyetakiwa kuja kuwaambia akafa."

"Sasa wanakula nini?"

Twaha hakufikiri hata nukta moja. "We unadhani yule mzee jirani anapeleka wapi viazi?"

Hapo nikanasa. Kwa sababu ni kweli, jirani yetu wa mkono wa kushoto, Mzee Stani, alipita kila asubuhi na toroli lake likiwa limejaa, akarudi nalo tupu. Ni kweli ufunguo wa lile banda ulikuwa kwake. Na ni kweli tena, jambo lililonimaliza kabisa, kwamba Mzee Stani alikuwa akichimba mitaro. Mirefu, imenyooka kama imepigwa rula. Aliijaza majani makavu na magazeti, akaifukia, akahamia pembeni akaanza mwingine. Leo najua kwamba huko ni kupanda maharage. Wakati ule Twaha alinitazama kwa huruma, akasema, "Mazoezi hayo."

Mzee Stani alikuwa mrefu sana, pengine futi tisa, na alikuwa hakai. Simaanishi hakai nyumbani. Namaanisha hakai chini. Katika utoto wangu wote sikuwahi kumwona amekunja magoti. Chai aliinywa akitembea, gazeti alilisoma ameliegemeza juu ya uzio, na kila baada ya dakika mbili aliinua kichwa akatazama mbinguni upande wa kusini kama mtu aliyesikia anaitwa. Mama alimkaribisha kiti mara elfu moja. "Mzee, karibu kiti." Naye alitabasamu, akashika mgongo wa kiti, akasimama nyuma yake kama anayekilinda. Akiondoka, Mama alikuwa akisema, "Huyu mtu kiti kwake kina misumari."

Mama alinilazimisha kumwamkia. Basi kila asubuhi, London nzima ikisikia, mimi nilipaza sauti juu ya uzio, "Shikamoo, Mzee Stani!" naye, aliyefundishwa na Mama, akajibu "Marahaba!" kwa sauti ya kikosi kizima, kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa bovu na hakujua anavyopiga kelele.

Juu ya uzio huohuo ndiko nilikookota historia ya brigedi yake, kipande leo, kipande wiki ijayo. Haikuwa na jina la kutisha. Ilikuwa na namba tu. Iliundwa kwa haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka ule jeshi la Waingereza liliporudi likikimbia kutoka ng'ambo ya bahari, bunduki zao wameziacha hukohuko, na nchi nzima ikiwa na uhakika kwamba Wajerumani watatia nanga kesho. Wakakusanywa wanaume waliokuwapo: vijana ambao bado hawajapata mafunzo, wazee wa vita vya kwanza, wenye miguu bapa, wenye miwani, na Stani mwenye sikio moja. Wakafanywa batalioni tatu, wakaitwa brigedi ya ulinzi wa nyumbani. Bunduki zilikuwa za zamani na risasi, alisema, ungeweza kuziweka zote za mtu mmoja ndani ya kikombe cha chai ukabaki na nafasi ya chai.

"Tukaambiwa watakuja kesho," Mzee Stani alisema, akihama kutoka mguu huu kwenda ule. "Tukachimba. Tukatandaza seng'enge ufukweni. Hawakuja. Tukahamishwa, tukaambiwa watakuja huku. Tukachimba tena."

"Halafu?"

"Halafu tukahamishwa."

Hivyo ndivyo hadithi yake ilivyokuwa, ndugu msomaji. Walilinda ufukwe, wakalinda daraja, wakalinda kiwanja cha ndege, wakaletwa ukingoni mwa London, wakajenga lile banda la zege kwa mikono yao walinde barabara, na kabla zege halijakauka wakapelekwa mahali pengine. Nilingoja pale ambapo adui anatokea. Nilikuwa mtoto, nilitaka mizinga. Kila alipofika pa kunivutia, Mzee Stani alitupa jicho kusini, akashika toroli lake, akaondoka.

Sasa nikueleze habari ya sahani, maana bila sahani hakuna hadithi. Kwetu jirani akiletewa chakula, chombo hakirudishwi kitupu. Utatia chochote: ndimu mbili, kiganja cha sukari, hata chumvi. Mama alipompelekea Mzee Stani sahani ya kwanza, chapati na maharage ya nazi, mzee wa watu alikula, akaiosha sahani mpaka ikang'aa, akairudisha na shukrani tele. Mama aliiweka mezani akaikodolea macho kutwa nzima. Kwake ilikuwa kama kutemewa mate kwa adabu. Ni Twaha aliyekwenda uzioni, bila kutumwa, akamwambia kwa Kiingereza chake cha Tanga, "Mzee, sahani ukiirudisha tupu, Mama mdogo halali." Mzee Stani akawa mwekundu mpaka kwenye lile sikio bovu. Tangu siku hiyo sahani zetu zilirudi na viazi, vitunguu vya majani, tango lenye umbo la kuchekesha, na wakati mmoja yai moja tu, limekaa katikati ya sahani kubwa kama sultani.

Basi ukawa ndio utaratibu wetu, Mama kwa Mzee Stani na Mzee Stani kwa Mama, mpaka Jumatatu moja nilipotoka shule nikaona karatasi imefungwa kwenye uzio wa viwanja. Kaunsili walikuwa wanatangaza kwamba banda la zege ni hatari, na Jumatatu ijayo litavunjwa.

Nilikimbia nyumbani kwa kasi ambayo wanariadha wa Olimpiki bado hawajaifikia. Twaha alikuwa anakula.

"Watawavunjia juu ya vichwa!" nikamwambia.

"Kina nani?"

Alikuwa ameshasahau uongo wake mwenyewe! Lakini Twaha hakuwa mtu wa kukiri. Alitafuna, akameza, akapanga uso. "Ah, wale. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba wakisikia tingatinga watadhani ni Wajerumani. Watafyatua."

"Watampiga dereva?"

"Dereva, viwanja, na hii nyumba. Sisi tuko usawa wa tundu."

"Tumwambie Mama!"

"Mwambie uone. Siri ya jeshi hiyo. Baba yako atarudishwa Tanga, na mimi nitarudi naye, na wewe utabaki hapa unakula mkate."

Wiki ile sikukaa. Nilikuwa kama Mzee Stani mdogo. Darasani mwalimu alinihamisha kiti mara tatu akidhani tatizo ni kiti. Kila jioni nilipita kwenye mwanya wa uzio, nikaenda nikaweka sikio kwenye zege la baridi, nikagonga. Nilisikia pumzi. Naapa nilisikia pumzi za watu mia tatu. Huenda zilikuwa zangu, lakini zilikuwa nyingi. Niliwaza wote wamesimama wamebanana gizani, ndevu zimefika magotini, wanangoja. Wale watu walikuwa wamevumilia miaka yote hiyo, na sasa wangefukiwa kwa sababu mtu mmoja tu aliyejua, mimi, aliogopa kufungua mdomo.

Ijumaa usiku sikupata usingizi, na Jumamosi asubuhi nikajua la kufanya. Nitawaandikia. Barua ataipeleka Mzee Stani bila kujua, pamoja na chakula chao. Na kwa kuwa ni siri ya jeshi, sitaiandika kwa Kiingereza ambacho kila mtu mtaani anakisoma. Nitaiandika kwa Kiswahili.

Hapo inabidi nikwambie jambo. Mama aliniongelesha Kiswahili tangu nazaliwa, nami nilimjibu Kiingereza. Alibembeleza, alinuna, alinitishia kunipeleka kwa bibi. Wapi. Barua yangu ya kwanza maishani kwa lugha ya mama yangu niliwaandikia watu wa ndani ya zege. Na kama unajiuliza wangeisomaje, nilishalifikiria hilo. Si Waingereza walitutawala? Mtu anawezaje kutawala watu asiowaelewa? Nilikuwa na hakika askari yeyote wa Kiingereza anajua Kiswahili kuliko mimi.

Niliandika hivi, nakumbuka kila neno, na makosa yake:

*Kwa askari wote. Shikamoo. Vita imekwisha zamani. Mlishinda. Jumatatu watavunja nyumba yenu kwa hiyo tokeni upesi. Msipige bunduki, ni tingatinga la kaunsili. Mnaweza kwenda nyumbani. Kuna chapati. Mimi Idi.*

Mama alikuwa amepika chapati nne na kuzifunika kwa karatasi ya foili. Nikaikunja barua, nikaichomeka kati ya sahani na chapati ya chini, nikaipeleka mwenyewe. Mzee Stani alikuwa mlangoni kwake anazunguka. "Marahaba," alisema kabla hata sijamwamkia. Nikamkabidhi, nikarudi mbio, nikapanda ngazi nne nne kwa hatua moja, nikashika zamu dirishani.

Nililitazama lile banda kama paka anavyotazama tundu la panya. Ikapita saa moja. Mzee Stani hakutokea na toroli. Ikapita ya pili. Nilikuwa nimebanwa na haja ndogo mpaka machozi, lakini sikuondoka. Chini nilisikia mlango wetu, nikasikia Mama anakaribisha mtu, nikasikia sauti zikizungumza, kisha kimya kirefu. Sikujali. Wageni wa Mama walikuwa hawaishi. Mimi nilikuwa na brigedi ya kuokoa.

Jumapili mchana ndipo Mzee Stani alipotoka. Alikuwa amevaa tai. Nilimwona akivuka viwanja vyote bila toroli, bila ndoo, akafungua lile banda, akaingia na kuacha mlango wazi nyuma yake. Alikaa humo muda ambao ningeweza kuota ndevu. Kisha akatoka, hakufunga, akarudi taratibu, na njiani hakutazama juu hata mara moja.

Alasiri sahani ikarudi. Aliileta mlango wa mbele, akaniulizia mimi kwa jina. Juu ya sahani palikuwa na kifungo kimoja cha shaba cha koti la jeshi, kimesuguliwa mpaka kinawaka.

"Wametoka wote," Mzee Stani akaniambia. "Wamekwenda nyumbani. Wamesema asante kwa chapati."

"Hata mmoja hakubaki?"

Akafikiri. "Hapana. Hata mmoja."

Jumatatu tingatinga likaja, banda likavunjika vipande, hakuna aliyefyatua risasi. Mimi niliyatazama yote njiani kwenda shule kwa utulivu wa jemadari mstaafu. Zege lililovunjwa, mvua ikilinyeshea: ndiyo harufu ileile.

Sasa sehemu ya aibu. Mtoto wa miaka tisa kuamini si kitu. Lakini mimi sikuwahi kuacha. Sikuamini kwa sauti, la, ila hakuna siku niliyokaa chini nikalipima jambo lile. Mzee Stani alifariki nikiwa sekondari, Twaha akahamia kwa mkewe, nami nikamaliza shule vibaya, nikaingia ghalani, nikazeeka kidogo. Kile kifungo kilikaa kwenye droo yangu na soksi. Watu wakiniuliza, nilisema ni cha brigedi niliyoiokoa, wakacheka, nikacheka nao. Ndani yangu mle, pahali fulani nyuma ya mbavu, askari mia tatu walikuwa wanatoka wakipepesa macho juani.

Mwaka juzi nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilihitimu, na cheti kipo ukutani kando ya friji. Ukija kwangu utakiona kabla hujaniona mimi. Katika somo la historia tulitakiwa kuandika juu ya kikosi chochote cha wakati wa vita. Darasa zima likachagua marubani na manowari. Mimi nikachagua brigedi ya Mzee Stani, nikaitafuta kwa namba iliyo kwenye kumbukumbu yangu, nikaipata kwenye kitabu kinene: mistari minne. Iliundwa. Ililinda pwani. Haikupigana popote. Ilivunjwa.

Mstari wa tatu ulikuwa na tanbihi ndefu chini ya ukurasa, na humo kipande ambacho Mzee Stani hakuwahi kukifikia kule uzioni. Kila mara jeshi la mbele lilipopungukiwa, brigedi kama hizi ndizo zilizochotwa. Leo vijana ishirini, wiki ijayo thelathini, wale wenye macho mazuri na masikio mawili, wakapelekwa Afrika ya Kaskazini, Italia, Ufaransa, Burma. Waliobaki wakaendelea kuchimba, wakiwa wachache zaidi kila mwezi, mpaka hapakuwa tena na brigedi ya kulinda chochote. Nilisoma hayo kwenye basi nikipita kituo changu. Nilimwona mtu aliyesikia *kesho* kila siku kwa miaka minne, akawaaga wenzake wote, akabaki na jembe. Nikaelewa kwa nini alitazama kusini, upande wa pwani alikotarajiwa adui na walikoondokea wenzake. Nilidhani nimeelewa kila kitu.

Nikaandika kurasa kumi na moja. Za mwisho tatu nilieleza, kwa furaha tele, namna walivyotoka wale wa banda. Mwalimu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alisahihisha zote, na pale aliweka mstari mmoja wa kalamu ya risasi pembeni: "Una hakika?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Jumapili nikaenda kwa Mama. Bado anaishi nyumba ileile, sasa magoti yanamsumbua, na mimi sasa namjibu kwa Kiswahili, ingawa anasema naongea kama mtangazaji wa redio. Alikuwa anachambua mchicha mezani. Nikamweleza yote, kurasa zangu kumi na moja, nikamwuliza wale askari walitoka saa ngapi, maana mimi nilikuwa dirishani na sikuwaona.

Mama aliweka kisu chini.

"Idi, mwanangu, una watoto wawili na cheti ukutani. Mle hamkuwa na mtu. Mlikuwa na majembe matatu, ndoo, na viazi vya mbegu. Ile barua yako yule mzee hakuweza kuisoma, kwa hiyo aliniletea mimi, Jumamosi ileile, na sahani yake mkononi. Nikamsomea kwa Kiingereza, akasikiliza amesimama hapo nyuma ya kiti. Akaniambia nirudie pale pa vita imekwisha. Nikarudia. Akaniambia nirudie pale pa kwenda nyumbani. Nikarudia. Akavuta kiti akakaa, akala chapati zote nne, akalala papo hapo mezani, kichwa juu ya mikono, mpaka alasiri, kisha akaondoka na sahani asije akaiacha tupu. Nilitembea kwa vidole kutwa nzima nisimwamshe. Wewe ulikuwa juu, unachungulia dirishani."